Kuifuata kesi ya babu, kutoka baraza la mtwa hadi masjala ya mahakama

Ukiingia masjala ya mahakama yoyote kati ya Mafinga na Tukuyu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ukamwambia karani, "Natafuta kesi ya babu yangu, aligombania ng'ombe na kaka yake," atakujibu kwa maswali mawili: mahakama ipi, mwaka gani? Jina la ukoo halimsaidii. Majalada hayapangwi kwa koo. Hupangwa kwa mahakama, kisha aina ya shauri, kisha mwaka na namba. Ndiyo maana wengi hurudi mikono mitupu ingawa jalada lipo: wamekwenda na jina wakati kinachotakiwa ni mahali. Kabla ya kutafuta kesi, tafuta baraza. Mwaka ule, kijiji kile kilikuwa chini ya nani?

Kazi huanzia nyumbani, kwa wazee. Usimuulize mzee wa miaka themanini "ilikuwa mwaka gani", atakupa mwaka ili kukuridhisha. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana. Kwa Uhehe, fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga Juni 1954, na mkuu wa mkoa, Dk. Kleruu, aliuawa Isimani sikukuu ya Krismasi 1971. Mbeya, Makambako na Njombe wanakumbuka ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Mikoa yote ina vita vya Hitler (1939–1945), Uhuru (Desemba 1961) na Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya sabini. Ukipata "baada ya fuvu, kabla ya Uhuru", umebakiza miaka saba ya kupekua badala ya arobaini.

Kisha uliza mambo matatu ambayo wazee huyakumbuka vizuri kuliko tarehe. La kwanza: walitembea kwenda wapi kusikiliza kesi? Jibu hilo ndilo jina la baraza. La pili: aliyeshindwa alikubali, au alikwenda bomani kwa Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya wa mkoloni? Kama alikwenda bomani, kuna rufaa, na rufaa huacha karatasi nyingi zaidi kuliko shauri lenyewe. La tatu: kiligombaniwa nini hasa? "Ugomvi wa familia" si aina ya shauri. Mahari, urithi, mpaka wa shamba, ugoni, ng'ombe aliyewekeshwa kwa mtu: kila kimoja kina kitabu chake au safu yake.

Anza mazungumzo kwa kuondoa hofu. "Shikamoo babu. Nimekuja kujifunza habari za ukoo wetu, sijaja kudai kitu." Sentensi ya pili ina kazi yake. Mjukuu anayetoka mjini na kuanza kuuliza habari za shamba la zamani huonekana kama anayepima ardhi, na wazee hunyamaza. Nenda pia kwa upande wa pili wa ugomvi. Mara nyingi familia iliyoshindwa ndiyo inayokumbuka zaidi, pamoja na jina la hakimu na idadi ya ng'ombe. Na omba kuona sanduku la bati. Stakabadhi ya kodi ya kichwa, nakala ya hukumu iliyokunjwa mara nne, barua kutoka migodini: vitu kama hivi hubeba jina la jumbe, la wilaya na la mwaka, na vyote vitatu unavihitaji.

Baraza gani, mwaka gani

Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu mfumo ulibadilika mara nne na kila badiliko lilihamisha karatasi.

Wakati wa Wajerumani, mashauri makubwa yalisikilizwa bomani: Iringa, au Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Madogo yaliamuliwa na majumbe na watawala wa kienyeji, nayo kwa kawaida hayakuandikwa. Vita vya 1914–1918 viliangamiza sehemu kubwa ya majalada ya wilayani. Ugomvi wa 1908 kati ya ndugu wawili wa Ubena, basi, usitarajie kuukuta mahakamani. Utaukuta kanisani, kama utakuwapo, na hilo linakuja chini.

Waingereza walianzisha utawala wa kupitia watawala wa kienyeji kwa sheria ya 1926, na mwaka 1929 ikaja sheria ya mabaraza ya wenyeji. Mambo muhimu kwa mtafutaji ni mawili. Baraza lilikuwa la mtawala wa mahali: mtwa na wazagila (watawala wadogo) wake Uhehe, malafyale Unyakyusa, mwene Usafwa na Unyiha. Na rufaa za mabaraza hayo hazikwenda Mahakama Kuu. Zilipanda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo (Jimbo la Nyanda za Juu Kusini), kisha kwa Gavana. Kwa hiyo rufaa ya 1938 kutoka Rungwe haipo katika makabati ya mahakama kabisa. Ni karatasi ya utawala, na karatasi za utawala wa mkoloni zilipelekwa Nyaraka za Taifa. Watu hupoteza miezi kwa kutolijua hili.

Sheria ya 1951 ikayageuza mabaraza kuwa mahakama za wenyeji zenye mpangilio zaidi wa kumbukumbu, na mahali pa Gavana pakachukuliwa na mahakama kuu ya rufaa iliyowekwa kwa mashauri hayo. Vitabu vya kuanzia hapo husomeka vizuri: namba, tarehe, mdai, mdaiwa, madai, ada, hukumu.

Mwaka 1963 utemi ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo, iliyoanza kutumika 1964, ikaunda ngazi tunazozijua: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, Mahakama Kuu. Kuanzia 1964 kila kitu kiko chini ya Mahakama, pamoja na rufaa. Shauri lililofunguliwa 1962 kwa mtwa na kumalizika 1965 kwa hakimu linaweza kuwa na namba mbili. Tafuta zote.

Kwa ardhi kuna badiliko moja zaidi. Tangu Oktoba 2003 migogoro ya mashamba iliondolewa Mahakama ya Mwanzo na kupelekwa Mabaraza ya Kata na Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya. Ugomvi uleule wa bonde moja unaweza kuwa na jalada la 1957 Nyaraka za Taifa, la 1981 Mahakama ya Mwanzo, na la 2009 Baraza la Ardhi.

Usisahau mipaka. Mkoa wa Njombe ulitoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ulitoka Mbeya 2016. Jalada la zamani la Vwawa litasema Mbeya, la Makambako litasema Iringa. Karani kijana anaweza kukwambia kwa nia njema kabisa kwamba "hiyo si ya kwetu". Mweleze mwaka, mwombe aangalie.

Masjala

Anza na Mahakama ya Mwanzo iliyorithi eneo la lile baraza, lakini barua yako iandikie Hakimu Mfawidhi. Karani hana mamlaka ya kukufungulia stoo. Barua iwe fupi na iombe kitabu kwanza, jalada baadaye:

"YAH: MAOMBI YA KUPEKUA KITABU CHA MASHAURI YA MADAI, 1964–1968. Mimi ni mjukuu wa marehemu (jina), aliyekuwa mkazi wa kijiji cha (jina la zamani, na la sasa). Naomba kupekua kitabu cha kusajili mashauri ya miaka iliyotajwa ili kupata namba ya shauri kati yake na (jina). Lengo ni kumbukumbu za familia. Naambatisha nakala ya kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji."

Kitabu kina nafasi kubwa zaidi ya kuwapo. Majalada yaliyofungwa huteketezwa kwa utaratibu baada ya muda wake, na yasiyoteketezwa huliwa na mchwa au kulowa paa likivuja. Kitabu cha kusajili ni kimoja, kinene, na mara nyingi kimewekwa juu ya kabati ambako hakuna aliyekigusa. Hata jalada likiwa limepotea, mstari mmoja wa kitabu unakupa wahusika, kilichodaiwa, aliyeshinda, na kama kulikuwa na rufaa. Chukua mfano: "37/58, ng'ombe 3 na ndama, mahari, mdai ameshinda ng'ombe 2, rufaa." Hapo tayari unajua ndoa ilivunjika, mahari ilirudishwa pungufu, na kuna jalada jingine ngazi ya juu.

Ukiona rufaa, acha kutafuta chini. Jalada la awali hupelekwa juu pamoja na rufaa, na si mara zote hurudi. Kwa shauri la 1964 na kuendelea, utalikuta limefungwa kwa uzi ndani ya jalada la Mahakama ya Wilaya, au Mahakama Kuu Mbeya au Iringa. Tangu 1964 rufaa kutoka Mwanzo hukatwa ndani ya siku 30, kwa hiyo tafuta katika kitabu cha Wilaya mwaka uleule au mwanzoni mwa unaofuata. Mwenendo wa Mahakama ya Mwanzo umeandikwa Kiswahili. Hukumu za juu za zamani ni Kiingereza, na mara nyingi hakimu wa rufaa amefupisha ushahidi wa kurasa kumi kuwa aya mbili. Usiridhike na hukumu ya juu kabla ya kusoma mwenendo wa chini.

Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani (iliyoanzishwa 1979) zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII. Za miaka ya karibuni ni nyingi, za zamani ni chache. Itazame kabla ya kupanda basi, maana shauri la juzi la binamu zako linaweza kusimulia ndani yake ugomvi wote tangu 1950.

Nakala iliyothibitishwa hulipiwa kwa kontroli namba. Hakuna malipo ya mkononi. Ukiombwa, omba stakabadhi.

Nyaraka za Taifa

Kwa rufaa za kabla ya 1964, na kwa lolote lililofika bomani, safari ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Chumba cha kusomea kiko Upanga, Dar es Salaam, na kuna kituo kingine cha kumbukumbu Dodoma. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na uulize kwa simu kwanza taratibu za kibali na jalada unalolitaka liko kituo kipi. Kwa kanuni, nyaraka za serikali hufunguliwa zikitimiza miaka 30.

Orodha zimepangwa kwa ofisi iliyozalisha jalada. Tafuta wilaya (Iringa, Njombe, Mbeya, Rungwe, Chunya, na kadhalika), kisha soma vichwa vya majalada ukitafuta rufaa za mabaraza, malalamiko, ardhi, urithi wa waliofariki. Malalamiko ndiyo hazina. Mtu aliyeshindwa barazani na asiye na pesa ya rufaa alimwandikia Bwana Shauri barua, mara nyingi kwa mkono wa karani wa kukodi, akieleza ukoo mzima kuanzia babu ili kuonyesha kwamba mali ni yake. Omba pia vitabu vya wilaya, ambavyo viko kwenye filamu ndogo: vinaorodhesha watawala na maeneo yao, na ndivyo vitakavyokuambia kijiji chako kilikuwa chini ya nani.

Wanaume wa nyanda hizi walikwenda sana dhahabu ya Lupa, Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini. Mume akikaa miaka minne bila habari, ng'ombe wa mahari walianza kugombaniwa au mke alianza kudai kuachwa. Kama babu alikuwa migodini, tazama mashauri ya mkewe ya miaka hiyohiyo. Kama alifia huko, pesa zake mara nyingi zilipitia boma, na ndugu waliozigombania wameacha barua.

Kumtafuta bibi

Hili linastahili kichwa chake, maana ndipo wengi hukwama. Katika mashauri ya mahari ya zamani mwanamke ndiye kiini cha kesi lakini si mdai wala mdaiwa. Kesi ni kati ya baba yake, au kaka yake, na mume. Ukitafuta jina la bibi katika kitabu hutalipata. Tafuta jina la baba yake, kisha la kaka yake mkubwa, kisha la aliyemwoa baadaye, kwa sababu katika kesi ya ugoni mume wa kwanza humshtaki wa pili. Bibi mwenyewe atatokea ndani, kama shahidi, na maneno yake hapo huenda ndiyo pekee yaliyowahi kuandikwa maishani mwake.

Majina ya wanaume nayo yana mitego. Koo za Kinyakyusa huanza na Mwa-, na karani aliyetoka kwingine angeweza kuidondosha au kuandika Ma-. R na L hubadilishana. Jina la ubatizo linaweza kuwapo kwenye hukumu na lisiwepo kwenye kitabu. Wajerumani waliwaita Wanyakyusa "Konde", na majina ya vijiji waliyaandika kwa masikio yao. Tengeneza orodha ya tahajia zote unazoweza kufikiria, tano au sita kwa kila jina, na uitembeze nzima kila mwaka. Ukitumia tahajia moja tu unatafuta robo ya kitabu.

Kulisoma jalada

Lisome kuanzia mwisho: hukumu kwanza, kisha ushahidi. SM1 ni shahidi wa kwanza wa mdai, SU1 wa kwanza wa utetezi. Katika Kiingereza ni PW1 na DW1. Kila shahidi hutanguliwa na jina, umri, kabila, dini na makazi, na mstari huo una thamani kuliko hukumu kwa anayechora mti wa ukoo. Umri usiuamini ndani ya miaka kumi.

Neno la kuogopwa ni "baba". Shahidi akisema "baba yangu alimpa ng'ombe huyu", anaweza kumaanisha baba mzazi, baba mdogo, au aliyemrithi mama yake. Katika Unyakyusa ya zamani mali na wajane vilipita kwa ndugu wa tumbo moja kabla ya kushuka kwa mtoto mkubwa, na ndiyo sababu mashauri ya mtu na baba yake mdogo ni mengi. Usichore mstari wa mti kwa shahidi mmoja. Subiri wa pili, hasa wa upande wa pili, aseme vilevile.

"30/-" ni shilingi thelathini, "2/50" ni shilingi mbili na senti hamsini. Rupia zinamaanisha wakati wa Wajerumani au miaka michache baadaye. Ukiona "G.N. 279" ni Tangazo la Serikali la 1963 kuhusu mahari, ndoa, talaka na hadhi ya watoto, "G.N. 436" la mwaka huohuo ni urithi na usia. Shauri la talaka la baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971 litakuwa na karatasi ya baraza la usuluhishi, ambayo kwa kawaida ina maneno makali kuliko yaliyosemwa mahakamani.

Majalada ya mirathi yana mpangilio wa kupendeza. Chini ya kanuni za 1971 msimamizi hujaza Fomu Na. V kuorodhesha mali ndani ya miezi minne, na Na. VI kuonyesha mgao. Ndani yake pia huwamo muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina na sahihi au dole gumba za wote waliohudhuria. Angalia nani hayupo kwenye orodha hiyo.

Piga picha kwa ruhusa tu, bila mwanga wa kamera, na anza na ganda la jalada lenye namba, halafu kila ukurasa mbele na nyuma. Maelezo ya mpaka huandikwa nyuma ya karatasi. Tumia penseli, usilambe kidole, na vaa barakoa: vumbi la stoo lina ukungu. Karatasi zilizogandana usizibandue, mwachie karani.

Kama njia zote za serikali zimeziba, kuna kanisa. Wamoravian na Misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa 1891, na Wakatoliki wako Tosamaganga tangu miaka ya 1890. Wazee wa kanisa walisuluhisha ndoa na kuwatenga waumini, na daftari za ubatizo hutaja wazazi na wasimamizi. Omba kwa mchungaji au paroko wa mahali, si dayosisi kwanza. Kwa Unyakyusa ya 1934 hadi 1938, karatasi za utafiti za Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huko na kufuatilia mashauri, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Majalada ya serikali ya Kijerumani yaliyobaki yamo Nyaraka za Taifa, na mengine yako Berlin, kwa mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo huupata kwa shida. Gharama hiyo uiache hadi uwe na jina la mahali na mwaka.

Ulichokipata si hati ya kudai shamba. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na hukumu ya 1956 ikisambazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo huwasha moto kabla hujamaliza kuisoma. Peleka kwanza kwa wazee wawili, mmoja kila upande, uwasomee kwa sauti. Watasahihisha majina ya mashahidi, watakuambia kijito kilichotajwa kama mpaka kiko wapi sasa, na pengine watakutajia kesi ya pili ambayo hukuijua. Andika namba ya jalada, ukurasa na tarehe uliyoliona kando ya kila walichosema, kwa wino ulio tofauti na wa maneno ya jalada.